Chakula Mlangoni mwa Gari: Historia ya Migahawa ya Barabarani Marekani

Kwenye barabara za zamani za Marekani, zile zilizoachwa kando barabara kuu mpya zilipojengwa, bado ipo migahawa michache yenye paa refu lililochomoza mbele, na chini yake magari yameegeshwa yakilielekea jiko. Hakuna anayeshuka. Mhudumu anakuja na trei ya bati yenye kulabu mbili, mteja anashusha kioo nusu, trei inaning'inizwa mlangoni: hambaga, chipsi, bilauri ya soda yenye barafu. Wanaokula hapo ni wazee wanaokumbuka enzi zao, na vijana wanaokumbuka enzi ambazo hawakuziona.

Kwa msafiri wa kwetu jambo lenyewe si geni. Aliyepita Korogwe kwa basi anajua chakula kinavyomfuata mtu dirishani: machungwa ya mfuko, korosho, mayai ya kuchemsha na chumvi yake iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Ila Wamarekani waliijengea biashara hiyo paa, wakaiwekea taa za rangi, wakaifanya kampuni, na mwisho wakaifanya kumbukumbu ya taifa. Utamu wa kumbukumbu hiyo ni wa kweli. Lakini kumbukumbu hiyo imechujwa, na kilichoachwa kwenye chujio ndicho kinachoieleza vizuri zaidi.

1919–1929: Gari lashuka bei, njaa yapanda barabarani

Chanzo ni gari, na hasa bei yake. Ford Model T ilipotoka mwaka 1908 iliuzwa dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa imeshuka chini ya dola 300, na chombo kilichokuwa cha daktari na tajiri kikawa cha fundi na mkulima. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na magari ya abiria takribani milioni 8; mwaka 1929 yalikuwa kama milioni 23. Watu wote hao walikuwa njiani, na miji haikuwa imejiandaa kuwalisha. Migahawa ya mjini ilitaka mteja avae vizuri, aketi, asubiri. Mtu mwenye vumbi la maili 100 na watoto wanaolia kiti cha nyuma hakuwa na hamu ya kuketi popote.

Texas, aliyeliona hilo mapema ni Jesse Kirby, mfanyabiashara wa jumla wa peremende na tumbaku. Alimshawishi daktari, Reuben Jackson, atoe mtaji, na mwaka 1921 wakafungua Pig Stand kando ya barabara itokayo Dallas kwenda Fort Worth. Hoja ya Kirby ilikuwa na kejeli ndani yake: alisema wenye magari ni wavivu kiasi kwamba hawataki kushuka hata kwa ajili ya kula. Akawauzia uvivu wao. Chakula kikuu kilikuwa sandwichi ya nyama ya nguruwe iliyochomwa, kitu kinacholika kwa mkono mmoja bila kuchafua usukani.

Wahudumu wa mwanzo walikuwa vijana wa kiume. Gari lilipopunguza mwendo, kijana alilikimbilia na kurukia kibao cha kukanyagia ubavuni kabla halijasimama, kwa kuwa aliyelifikia kwanza ndiye mwenye mteja, na mwenye mteja ndiye mwenye bakshishi. Utaratibu huu ulimpendeza mwenye mgahawa kuliko mtu yeyote: wafanyakazi walishindana wenyewe kwa wenyewe, na anayewalipa alikuwa mteja.

California ilikuwa na njia yake. Mwaka 1919, katika mji wa Lodi, Roy Allen alianza kuuza soda ya mizizi kwa senti 5 kikombe. Wakati ulimfaa: Januari 1920 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima, na watu waliozoea kikombe kizito chenye povu wakahitaji kitu cha kushika mkononi. Alipoungana na Frank Wright mwaka 1922, herufi za majina yao zikawa A&W, na vibanda vyao vikaenea nchini kwa kuwauzia wengine haki ya kutumia jina. Mmoja wa walionunua haki hiyo ni J. Willard Marriott, aliyefungua kibanda Washington mwaka 1927. Hoteli zinazoitwa Marriott leo zilianzia kwenye soda hiyo.

1930–1945: Taa za neoni na wasichana wa Houston

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulifunga migahawa mingi ya kifahari, lakini hii ya barabarani uliikuta imeshajipunguzia gharama. Haikuwa na vitambaa vya meza, haikuwa hata na meza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Pig Stand ilikuwa na matawi zaidi ya 100. Los Angeles, msanifu majengo Wayne McAllister aliichora migahawa ya duara: jiko katikati, magari yakiizunguka pande zote, na juu mnara wa taa za neoni unaosomeka kutoka mbali. Jengo lenyewe likawa tangazo. Mchoro huo haukumlenga mtu anayetembea kwa miguu. Ulimlenga dereva aliye mwendoni, mwenye sekunde chache tu za kuamua kama atasimama.

Kusini, Texas, ushindani ulichukua sura nyingine. Wenye migahawa ya Houston waliwaondoa vijana wa kiume wakaajiri wasichana, wakawavika kaptula fupi, buti na kofia za manyoya, na kuwachagua kwa sura. Februari 1940 jarida la Life lilimweka mmoja wao kwenye jalada lake, na nchi nzima ikamjua mhudumu wa magari. Picha ile ilionyesha tabasamu. Haikuonyesha kwamba wengi wa wasichana hao hawakuwa na mshahara, waliishi kwa bakshishi tu, na usiku kucha walitembea juu ya changarawe wakiwa wamebeba trei nzito.

Hamu ya kustarehe bila kushuka garini haikuishia kwenye chakula. Mwaka 1933 Richard Hollingshead alifungua sinema ya kwanza ya kutazamwa kutoka ndani ya gari, karibu na Camden, New Jersey. Mtindo huo ulitufikia hata sisi: mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya aina hiyo huko Msasani, na wakazi wa zamani wa jiji wataukumbuka uwanja wake. Sinema ilipokufa, kiwanja hicho kilijengwa Ubalozi wa Marekani.

Vita vikaja, petroli ikagawiwa kwa kadi kuanzia 1942, magari ya kiraia yakaacha kutengenezwa. Migahawa mingi ilingoja.

1948: Ndugu wawili wawaondoa wahudumu

Baada ya vita kila kitu kilirudi kwa wingi: mishahara, petroli, watoto, magari. Miaka hiyo ndiyo inayokumbukwa. Mwaka 1947 Mel Weiss na Harold Dobbs walifungua Mel's huko San Francisco. Mwaka 1949 McAllister alijenga Bob's Big Boy ya Burbank, ambayo ingali imesimama. Ijumaa jioni wenye magari ya kale huyaleta pale kuyaonyesha.

Lakini wakati shamrashamra zikipamba moto, ndugu wawili waliohamia California kutoka New Hampshire walikuwa wameshachoka. Richard na Maurice McDonald walifungua mgahawa wa garini San Bernardino mwaka 1940, na ulijaa: wahudumu 20 uwanjani, orodha ya vyakula 25 hivi, foleni ya magari ya vijana kila jioni. Kujaa kwenyewe ndiko kulikowaudhi. Vijana waliagiza soda moja wakakaa saa mbili. Familia zilikwepa kelele. Wahudumu waliacha kazi bila taarifa, wapishi walihamia kwa jirani aliyeongeza dola. Vijiko, uma na bilauri viliondoka na magari. Ndugu hao walipopitia risiti zao waligundua kwamba wanajitesa kwa nyama choma ambayo wachache waliinunua, ilhali karibu pesa yote ilitoka kwenye hambaga.

Mwaka 1948 walifunga mgahawa unaoingiza faida, jambo ambalo jirani yeyote angeliita wazimu. Walipofungua tena baada ya miezi mitatu hivi, hapakuwa na mhudumu hata mmoja uwanjani. Vyakula vilibaki 9. Sahani ziligeuka karatasi. Jikoni kila mtu alipewa kazi moja: huyu anageuza nyama, huyu anapaka haradali, huyu anafunga. Hambaga ikashuka hadi senti 15. Mteja alitakiwa kushuka garini, kwenda dirishani, kulipa, kuondoka.

Wateja wa zamani hawakupenda. Walikaa ndani ya magari wakipiga honi, wakingoja mtu asiyekuja. Ilichukua miezi kadhaa kabla familia na vibarua kuanza kumiminika, wakivutwa na bei. Mwaka 1954 akaja muuza mashine za milkisheki aitwaye Ray Kroc, akaona foleni ile, na mwaka 1961 akanunua haki zote kwa dola milioni 2.7. Yaliyofuata yanajulikana hata kwa asiyewahi kukanyaga Marekani. Kinachosahauliwa ni kwamba mtindo ule ulitokana na kuuchukia mgahawa wa garini: kuzichukia bakshishi zake, vijana wake, na kule kukaa kwake bila haraka. Mwaka huohuo wa 1948, Harry na Esther Snyder walifungua In-N-Out huko Baldwin Park, na spika ya kuagizia ikafanya kazi ya msichana mwenye trei.

Si wote walioacha mtindo wa zamani. Oklahoma, Troy Smith alinunua kibanda cha soda ya mizizi mjini Shawnee mwaka 1953, akakiita Top Hat. Yeye alifunga spika kwenye kila nafasi ya kuegesha, ili mteja aagize bila kungoja, lakini akawaacha wahudumu wapeleke chakula. Kampuni hiyo ilibadili jina mwaka 1959 ikaitwa Sonic. Hiyo ndiyo iliyobaki na matawi maelfu hadi leo, na nadhani ni kwa sababu Smith alikata kungoja bila kumwondoa mtu.

1936–1968: Dirisha la nyuma

Hapa ndipo kumbukumbu ilipochujwa. Barabara ileile iliyokuwa uhuru kwa Mmarekani Mweupe ilikuwa hesabu ya hatari kwa Mmarekani Mweusi. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alianza kuchapisha kijitabu cha kuwaelekeza wasafiri Weusi mahali watakapopata chakula, kitanda na petroli bila kutukanwa. Kiliendelea kutoka hadi katikati ya miaka ya 1960. Familia nyingi hazikutaka kubahatisha. Zilifungasha kuku wa kukaanga nyumbani, zikajaza maji kwenye chupa, zikaendesha usiku kucha.

Waafrika nao walionja. Juni 1961 Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alikuwa njiani kutoka New York kwenda Washington kwa Barabara ya 40. Aliposimama kwenye mgahawa mmoja wa Maryland alikataliwa huduma. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho: nchi za Afrika zilikuwa zikipata uhuru mfululizo, na mabalozi wao walipita barabara hiyo kati ya Umoja wa Mataifa na Ikulu ya Marekani. Tanganyika ilijiunga na Umoja huo Desemba mwaka huohuo. Serikali ya Kennedy iliona aibu mbele ya dunia, ikatuma maofisa kuwabembeleza wenye migahawa wawahudumie wanadiplomasia. Wanaharakati Weusi waliuliza swali jepesi: kwa nini mtu ahitaji pasipoti ya kigeni ili auziwe kahawa? Wakaandamana kwenye barabara hiyo, na mwaka 1963 Maryland ikapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi katika migahawa.

Wala si Kusini peke yake. Vuli ya 1963 vijana wa San Francisco walipanga mistari ya maandamano mbele ya Mel's. Mgahawa huo uliwauzia Weusi chakula na kuwaajiri jikoni. Ulichokataa ni kuwaweka mbele, mahali pa kuonekana na pa bakshishi. Zaidi ya watu 100 walikamatwa. Harold Dobbs, mmoja wa wenye mgahawa, alikuwa akigombea umeya wa jiji wakati huohuo. Alishindwa uchaguzi, na baada ya muda mfupi kampuni ikakubali kuajiri.

Kesi iliyopeleka jambo hili kwenye sheria ilitoka South Carolina. Maurice Bessinger alikuwa na migahawa kadhaa ya garini iliyoitwa Piggie Park, akiuza nguruwe wa kuchoma. Mweusi aliyetaka kununua alielekezwa kwenye dirisha la jikoni, achukue chakula chake aondoke. Sheria ya Haki za Kiraia ilipotiwa saini Julai 1964, Bessinger hakubadili kitu, na Anne Newman, mke wa mchungaji, akawa miongoni mwa waliomshtaki.

Utetezi ulikuwa na sura mbili. Kwanza, Bessinger alidai dini yake inamkataza kuchanganya rangi. Pili, na hapa ndipo mgahawa wa garini ulipogeuka hoja ya kisheria, ilidaiwa kwamba sheria inahusu mahali ambapo watu hula hapohapo, ilhali wateja wa Piggie Park hupewa mfuko wakaendesha zao. Mwaka 1966 jaji wa kwanza alikubali hoja hiyo ya pili. Kwa muda, mtu aliyeketi ndani ya gari lake alihesabiwa kuwa hayupo mgahawani. Mahakama ya rufaa iliipindua hukumu hiyo mwaka 1967. Machi 1968 Mahakama ya Juu ilitupa madai ya dini kama upuuzi, na kuongeza jambo kubwa kuliko nguruwe wote wa Bessinger: anayeshinda kesi ya aina hii, kwa kawaida alipiwe gharama za wakili na aliyeshindwa. Mtu asiye na fedha akapata njia ya kudai haki yake, na wanasheria wa Marekani wanaitaja kesi hiyo hadi leo.

1956–1985: Barabara isiyosimama

Wakati hayo yakiendelea mahakamani, ardhi yenyewe ilikuwa ikiondolewa chini ya migahawa hii. Juni 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu mpya zenye urefu wa takribani kilomita 66,000. Upana na kasi vilikuwa nusu tu ya mabadiliko. Jambo lililoua ni kwamba barabara hizo hazina kando: hairuhusiwi kufungua mlango juu yake, unatoka mahali palipopangwa tu. Mwenye kibanda aliyezoea kumwona dereva kutoka mbali, na dereva kuona neoni yake, sasa alitenganishwa naye kwa uzio na daraja. Anayesafiri kwa kasi hiyo hana muda wa kujaribu mahali asipopajua. Anatafuta alama anayoitambua, na alama hizo zilikuwa za kampuni kubwa zilizoweza kununua kiwanja pale penye njia ya kutokea.

Mengine yaliongezea. Mgahawa wa garini unakula ardhi nyingi kwa mteja mmoja, na bei ya viwanja ilipanda. Halmashauri za miji zilipiga vita magari ya vijana yanayozunguka usiku. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Mwaka 1975 McDonald's ilitoboa ukuta wa tawi lake la Sierra Vista, Arizona, kwa kuwa wanajeshi wa kambi jirani hawakuruhusiwa kushuka garini wakiwa na sare za kazi. Dirisha likawekwa, dereva akapokea mfuko na kwenda. Gari lilirudi mgahawani, lakini halikusimama tena.

Barabara ya 66, iliyoanzishwa 1926 kutoka Chicago hadi California, ilikatwa kipande kwa kipande. Mji mdogo wa Seligman, Arizona, ulipitiwa kando Septemba 22, 1978. Kinyozi wa mji huo, Angel Delgadillo, amesimulia mara nyingi jinsi magari yalivyotoweka siku ileile, na wenye maduka wakabaki milangoni wakitazama lami tupu. Mwaka 1985 barabara yote ilifutwa rasmi kwenye orodha ya serikali.

1973 hadi leo: Kumbukumbu yapata wateja

Migahawa hii ilipokuwa inakufa, ndipo ilipopendwa. Mwaka 1973 George Lucas alitoa filamu ya American Graffiti, hadithi ya vijana wa California katika usiku mmoja wa 1962, na uwanja wao wa kukutania ni Mel's. Jengo lililotumika lilivunjwa baadaye. Filamu ilipendwa kupita matarajio, na kuanzia hapo neoni, trei na viatu vya magurudumu vikawa bidhaa. Usiku wa filamu ile ni mwaka mmoja tu kabla ya waandamanaji kukamatwa mbele ya Mel's. Simlaumu Lucas, alisimulia ujana wake. Ila mamilioni walioiona wakaichukua kuwa historia.

Seligman haikungoja filamu iiokoe. Mwaka 1987 Angel Delgadillo na wenzake waliunda chama cha kuidai Barabara ya 66 ya Arizona itambuliwe kuwa ya kihistoria, wakafaulu. Kaka yake, Juan, alikuwa na Snow Cap, mgahawa alioujenga mwaka 1953 kwa mbao chakavu za shirika la reli alilofanyia kazi. Nje aliweka Chevrolet ya 1936 iliyokatwa paa. Mlango una vishikio viwili, kimoja cha uongo. Ukiomba haradali, chupa inakurushia uzi wa manjano. Juan alikuwa akiwatania wateja wake namna hiyo hadi alipofariki mwaka 2004, na familia yake imeendelea na utani uleule. Pig Stand haikuwa na bahati hiyo: baada ya miaka 85, kampuni ilifungwa mwaka 2006 kwa madeni, na tawi la San Antonio likanusurika mikononi mwa mfanyakazi wake wa miaka mingi.

Mtalii wa Barabara ya 66 kwa kawaida hupiga picha Seligman akaridhika. Asiishie hapo. Akielekea mashariki hadi karibu na Luther, Oklahoma, atakikuta kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, jengo dogo la mawe lililomilikiwa na Weusi tangu enzi za ubaguzi, ambako msafiri Mweusi angeweza kujaza petroli, kula na kupumzika bila kuelekezwa dirisha la nyuma. Kimo kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria tangu 1995. Asimame na pale.